Malengo ya Afya Yasiyokwama Mpakani: Vidokezo 10 kwa Watu wa Tunduma na Songwe

Umeapa tena, eeh? "Mwezi huu naanza mazoezi, naacha soda, tumbo liishe." Halafu mzigo ukaingia, mteja akapiga simu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, shamba la Momba likadai palizi, na tumbo likaendelea kula maisha. Usijali, hauko peke yako. Habari njema ni kwamba huhitaji jimu wala likizo. Siku hiyohiyo yenye pilikapilika ina nafasi ya afya, ukijua tu pa kuichomeka. Twende kazi!

1. Anza na namba, kiapo kitafuata

Kabla ya kununua raba, pita kituo cha afya upime presha. Ukiweza pima na sukari, kisha azima tepu ya fundi cherehani uzungushe kiunoni. Andika namba zako na tarehe nyuma ya daftari la mauzo. Kwa nini usumbuke? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania ana presha ya juu, na presha ina tabia mbaya ya kuingia bila hodi. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena na uzungumze na daktari. Kama tayari unatumia dawa, endelea nazo. Mazoezi yanazisaidia, hayazifukuzi.

2. Usijaribu kubeba Kimondo

Kimondo cha Mbozi kina uzito wa tani nyingi, na hakuna mtu anayeamka Jumatatu akatangaza kwamba leo anakibeba mgongoni. Sasa mbona kwenye afya tunataka kuacha sukari, chipsi na bia, na kuanza kukimbia, vyote asubuhi moja? Chagua lengo moja dogo, dogo hadi jirani acheke: kutembea kwa haraka dakika 10 kila siku. Kila baada ya wiki mbili ongeza dakika 5. Ndani ya miezi miwili umefika nusu saa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Umeona? Umefika na hukulala hoi hata siku moja.

3. Achana na saa, shika tukio

Sisi wa mpakani tuna saa mbili: Nakonde wako nyuma yetu kwa saa nzima. Ukipanga kuamka saa kumi na mbili, kichwa chenye usingizi kitakunong'oneza kwamba ng'ambo ndiyo kwanza saa kumi na moja. Dawa yake ni kufunga zoezi kwenye jambo ambalo hulikwepi. "Nikishapiga mswaki, navaa raba." "Nikishafunga duka, narudi Sogea kwa miguu, bodaboda ipumzike." Andika sentensi yako moja ya namna hiyo na uibandike mlangoni. Na kwa kuwa baridi yetu ya Juni na Julai haina mchezo, weka sweta na raba kando ya kitanda usiku. Mtu aliyekwisha vaa sweta harudi kulala kirahisi.

4. Foleni ni kiwanja chako

Dereva, tingo, wakala wa forodha, hiki ni chenu. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini kusubiri bado kupo, na kusubiri ukiwa umekaa ndiko kunakomaliza mgongo. Lori na tela lake lina urefu wa kama mita 20. Ukilizunguka mara 20 umekaribia kilomita moja, na mzigo wako umeulinda mwenyewe! Chagua muda ambao foleni imesimama kabisa na uangalie magari ya pembeni. Wakala, wewe una kazi rahisi zaidi: simu ikiita, ipokee ukitembea. Kwa simu unazopigiwa kwa siku, utashangaa miguu imefika wapi.

5. Mama lishe ni mshirika wako

Sentensi ya kukariri ni hii: "Mama, leo nipunguzie ugali, niongezee majani." Basi. Lenga nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Tunaishi kwenye mkoa wa maharage na maparachichi, hatuna kisingizio. Chumvi nayo ina kikomo: chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyokwisha ingia chunguni. Kwa hiyo kichupa cha chumvi kisukume upande wa pili wa meza, mbali na mkono wako. Na chipsi mayai? Ipe siku yake moja ya wiki, uile kwa amani bila kujificha.

6. Soda iingie kwenye kibubu

Chupa ya kola ya mililita 350 kwa kawaida ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko 6 kwa siku nzima. Chupa moja tu, na hesabu imeshapasuka. Jaribu hivi: kila unapoiruka soda, bei yake iende kibubuni au kwenye simu, saa hiyohiyo, kabla hujabadili mawazo. Mwisho wa mwezi pesa hiyo inunue kitu cha afya: raba, mwavuli wa kutembelea, hata sufuria. Kwenye chai, punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi ukipunguziwa kidogokidogo haugomi.

7. Maharage yakichemka, nawe chemka

Mvua ikianza Novemba, matope yanakuwa wakili mzuri wa uvivu. Mnyime kesi. Maharage yana subira ndefu jikoni, na subira hiyo ni yako. Chuchumaa na kusimama mara 10, sukuma ukuta kwa mikono mara 10, ruka kamba dakika mbili kama magoti yanaruhusu, kisha koroga sufuria. Rudia mpaka maharage yaive. Watoto watajiunga bila kualikwa, na watakuhesabia kwa sauti hata pale ulipotaka kuchakachua. Nani anahitaji mwalimu wa mazoezi mwenye filimbi?

8. Itembee TAZARA yote, kwenye daftari

Kutembea bila pa kwenda kunachosha akili, basi jipe safari. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inapita hapahapa kwetu. Kilomita 5 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, zitaimaliza kwa mwaka mmoja na wiki moja. Wajenzi walianza 1970 na kufika mwisho 1975, kwa hiyo umewaacha mbali! Kila jioni jumlisha kilomita zako na uangalie ramani: leo umeingia Mlimba, mwezi ujao Makambako, halafu Mbeya, halafu unapita nyumbani Tunduma kwa vigelegele. Kilomita 5 ni nyingi kwa sasa? Tembea nusu yake, utamaliza kwa kama miaka miwili na bado wajenzi umewashinda. Ila tafadhali, matembezi yawe barabarani. Mataruma tuiachie treni.

9. Ipeleke afya kwenye kikoba

Watu wa kikoba hawasahau deni, na hiyo ndiyo nguvu unayoitafuta. Kabla ya kuweka hisa, kila mmoja aseme: wiki hii nimetembea siku ngapi? Asiyefikisha lengo alilojiwekea mwenyewe atoe faini ndogo iende mfuko wa jamii. Angalizo: mnapiga faini siku za kutembea, wala siyo kilo za mtu. Kilo zina mambo mengi nyuma yake, miguu iko mikononi mwako. Huna kikoba? Tafuta mwenzako mmoja wa Majengo au Chapwa, mpatane kwamba wa kwanza kuamka anampigia mwenzake, na asiyepokea ananunua ndizi mbivu.

10. Ukikosa leo, kesho usikose

Msiba utatokea, harusi itatokea, mavuno yatakubana wiki nzima. Utakosa siku, na hakuna kilichoharibika. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani zoea lilishika baada ya siku 66, wengine 18 tu, wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254, na kuruka siku moja hakukubomoa kitu. Hivyo kanuni yako iwe moja: usiruke siku mbili mfululizo. Siku mbaya kabisa, tembea hata dakika 3 mpaka dukani na kurudi, uweke alama kwenye kalenda. Na kama umepotea mwezi mzima, una mlango wa kurudia: Jumamosi ya pili ya mwezi, ambayo tangu Desemba 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipoanzishwa, imetangazwa kitaifa kuwa siku ya mazoezi.

Sasa usiondoke na vidokezo vyote kumi kichwani, utachoka kabla ya kuanza. Chagua kimoja, mwambie mtu mmoja leo, na ukianze kabla hujalala. Na ukikosa cha kuchagua, chukua cha kwanza: wiki hii nenda kapime presha. Ni dakika chache tu, na utatoka ukijua pa kuanzia.