Linda Mgongo Wako: Mazoea ya Kila Siku Nyumbani, Shambani na Kazini

Mkulima akiumwa mgongo msimu wa kupanda, mvua haimsubiri. Kibarua naye akishindwa kuinuka asubuhi, siku hiyo haina malipo. Kwa hivyo maumivu ya mgongo si suala la afya pekee, bali pia la riziki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na ndiyo sababu kuu ya watu kushindwa kufanya shughuli zao. Habari njema ni kwamba mengi ya maumivu haya hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na mengine yanaweza kuzuiwa.

Mgongo hufanyaje kazi?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili nyingi kuna visahani laini vinavyopunguza mtikisiko tunapotembea au kubeba mzigo. Misuli ya mgongo na ya tumbo ndiyo huushikilia uti huo. Misuli ikilegea kwa kukosa mazoezi, au mzigo ukizidi, pingili na visahani hubeba uzito wote.

Kuinua mzigo

Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa zaidi ya kilo 20. Ukiuinua kwa kuinama kiunoni huku umenyoosha mikono, kiuno hubeba nguvu kubwa mno kuliko uzito wa mtungi wenyewe. Fanya hivi:

1. Sogea karibu na mzigo na utenganishe miguu kidogo.
2. Kunja magoti na nyonga, si kiuno pekee.
3. Shika mzigo karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu za miguu.
4. Ukitaka kugeuka, geuza miguu; usipinde kiuno ukiwa umebeba.
5. Inapowezekana, gawanya maji katika mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Gunia zito libebwe na watu wawili au mkokoteni.

Shambani na nyumbani

Jembe lenye mpini mfupi humlazimisha mkulima kuinama kutwa nzima. Chagua mpini unaolingana na kimo chako, na ufagio mrefu badala ya ule wa kuinamia. Usipalilie kwa saa tatu mfululizo katika mkao mmoja. Kila baada ya nusu saa simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu, kisha badilisha kazi. Beseni la nguo liweke juu ya benchi au meza, si chini sakafuni.

Barabarani, ofisini na shuleni

Mhudumu wa bodaboda hutikiswa siku nzima. Punguza mwendo kwenye matuta na mashimo, kagua upepo wa magurudumu, na ukisubiri abiria shuka utembee kidogo. Anayeketi dukani au ofisini aegemee kiti, nyayo ziguse sakafu, na asimame kila nusu saa. Mwanafunzi abebe mkoba kwa kanda zote mbili, na mzazi aondoe vitabu visivyohitajika siku hiyo.

Maumivu yakianza

Wengi wetu hulala kitandani siku nyingi tukingoja nafuu. Kufanya hivyo hudhoofisha misuli. Pumzika kidogo, kisha rudia shughuli nyepesi na kutembea kadiri unavyoweza. Kulala sakafuni si tiba. Godoro lisilobonyea sana latosha. Usinunue dawa za maumivu kama diklofenaki na kuzimeza kwa wiki kadhaa bila ushauri, kwani zinaweza kudhuru tumbo na figo. Pia, si kila maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa figo. Lakini yakiandamana na homa na kuhisi moto unapokojoa, pimwa.

Kwa maumivu ya muda mrefu, mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2023 unapendekeza mazoezi na ushauri wa kitaalamu, na hauungi mkono matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno.

Dalili za hatari

Nenda hospitalini mara moja ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukikosa hisia sehemu za siri, miguu ikilegea, au maumivu yakianza baada ya ajali au kuanguka. Nenda pia bila kuchelewa ukiwa na homa, jasho jingi usiku au unapungua uzito. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo hata bila kikohozi, na matibabu yake ni bure katika vituo vya umma. Maumivu yanayozidi wiki sita yachunguzwe.

Pa kuanzia

Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwako, au fika katika zahanati iliyo karibu. Anayehitaji mtaalamu wa tiba ya viungo hutumwa katika hospitali kubwa. Huduma katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na serikali kwa waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Kama bado hujajisajili, piga *147# leo, kabla mgongo haujakulazimisha.