Spea Kuukuu za Pikipiki: Zipi Ununue, Zipi Ukatae

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Lakini mimi nasema ziko ajali zenye kinga, na kinga yenyewe ni kuangalia kabla ya kulipa.

Sisi watu wa Kau twategemea sana pikipiki. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea kila pembe ya Kenya. Njia zetu za delta ni matope mvua ikinyesha na mashimo wakati wa kiangazi, kwa hivyo shokapu na breki huchoka upesi. Spea mpya ni ghali, basi watu hukimbilia zilizotumika. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua breki shuu kuukuu kwa bei ya chini. Siku moja ng'ombe walivuka barabara ghafla, akakanyaga breki, lakini wapi! Alivunjika mkono, na kwa miezi mitatu mama peke yake ndiye aliyetulisha. Fundi alipofungua gurudumu alikuta zile shuu zimelowa oili. Shuu zenye oili huteleza, hazishiki.

Kutokana na hayo nimejifunza kanuni hii: chuma kizima waweza kununua kikiwa kimetumika, lakini kitu cha mpira au kinacholika kwa kusuguana, nunua kipya.

Tuanze na shokapu. Springi hupokea kishindo, nayo oili iliyo ndani hupita kwenye vitundu vidogo na kuituliza springi isirukeruke. Ukitaka kununua shokapu ya nyuma, isimamishe chini uikandamize kwa uzito wako. Ikirudi polepole, ni nzima. Ikiruka juu mara moja, au ikiwa na oili nje, iache. Tena nunua mbili zinazofanana, kwa sababu moja ikiwa ngumu na nyingine laini pikipiki huyumba.

Kwa shokapu za mbele, viringisha bomba lake juu ya kioo au sakafu ya vigae. Likichezacheza, limepinda. Kisha pitisha ukucha juu yake. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, ujue vishimo hivyo vitakata raba inayozuia oili. Raba yenyewe usinunue kuukuu hata kidogo.

Sasa breki. Habu ya gurudumu yaweza kununuliwa ikiwa ndani ni laini, haina ufa wala mfereji. Habu nyingi zimechapwa namba ya upana wa mwisho unaoruhusiwa. Pima kwa vania kalipa, ile ile tunayotumia katika maabara ya fizikia. Ukizidi hapo, kataa. Breki shuu, waya wa breki, na paipu ya oili ya breki kwa pikipiki za diski, nunua vipya.

Mbona nasisitiza breki? Fizikia yatufundisha kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa huhitaji karibu mara nne ya nafasi anayohitaji mwenye kilomita 30 ili breki zimsimamishe. Je, shuu zilizokwisha zitaweza?

Mwisho, muulize muuzaji spea imetoka wapi, na udai risiti. Kuuliza si ujinga. Kupatikana na mali ya wizi kwaweza kukuingiza matatani na sheria, hata kama ulilipa pesa zako. Ukishafungiwa spea, jaribu kwanza uwanjani, polepole, bila abiria.

Kaka amepona na amerudi kazini. Shuu zake sasa ni mpya, na kabla ya kumbeba mama huzijaribu kwanza. Wanachama wenzangu, nawe ukipanda bodaboda, usione haya kumwuliza dereva: breki zako ziko sawa?