Maziwa Hayapimwi kwa Macho

*Somo la vijana na wazazi. Soma kwanza: 1 Petro 3:1-4, Mathayo 10:16, Zaburi 51, 2 Wakorintho 11:2.*



Baada ya ibada ya vijana Jumapili iliyopita, wengi wenu mliomba somo lile liandikwe ili lisomwe kwenye vikundi vya nyumbani. Nimeliandika. Lakini nimeongeza kitu ambacho sikuwa na ujasiri wa kukisema pale madhabahuni. Ninaomba msamaha kwa jambo fulani, na nitafika hapo.

Mtakumbuka nilianza na maswali mawili. La kwanza: nikisema "kijana mnyofu, asiye na doa," unamwona nani? Majibu yalikuja haraka. "Msichana." "Mtoto mdogo." "Mtu wa ushago." Halafu mmoja kule nyuma akasema, "Pasta, huyo ni mshamba tu!" Tukacheka wote. Lakini hakuna aliyemtaja mvulana, na hakuna aliyejitaja mwenyewe.

Swali la pili: urembo wa ndani ni nini? Dada mmoja akanijibu kwa ukweli kabisa: "Ni ile kitu watu huambia msichana asiye mrembo ili asilie." Tukacheka tena, lakini mimi nililala na hilo jibu. Kama ndivyo vijana wetu wanavyoelewa, basi tumekuwa tukihubiri maneno mazuri ambayo kwao hayana maana yoyote.

1. Unyofu si ushamba

Wengi wetu tumetoka nyumba za ng'ombe. Unajua vile asubuhi unabeba mtungi mpaka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Yule karani hakuangalii usoni aone kama wewe ni mtu wa kanisa. Anamimina maziwa kwenye chombo kirefu, anatumbukiza kile kipimo cha glasi, lektomita, halafu anasoma. Kama uliongeza maji njiani, kipimo kinazama zaidi, kwa sababu maji ni mepesi kuliko maziwa. Unarudi nyumbani na mtungi wako. Na kwa macho, hayo maziwa ni meupe tu kama ya jirani.

Yesu alipowatuma wanafunzi wake katikati ya mbwa mwitu, aliwaambia wawe na akili ya nyoka na wakati huo huo wawe kama hua. Neno la Kiyunani alilotumia Mathayo kwa habari ya hua ni *akeraios*. Maana yake ni kitu kisichochanganywa. Watu wa zamani walilitumia kwa divai isiyotiwa maji na kwa madini ambayo hayajachanganywa na mengine.

Umeona hapo? Unyofu si kutojua. Yesu hakuwatuma watu wasiojua kuna mbwa mwitu. Mtu mnyofu anajua vizuri sana, lakini hajachanganywa.

Mwangalie Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, akapewa hata jina la kwao. Huyo si mshamba! Alisoma masomo ya Babeli yote na akapita. Lakini Danieli 1:8 inatuambia aliamua moyoni mwake kwamba hatajitia unajisi. Jina lilibadilishwa lakini moyo haukutiwa maji.

Sasa, kijana wangu, mchanganyiko wa siku hizi uko wapi? Uko kwenye kuwa watu wawili. Kuna wewe wa Jumapili unayeinua mikono, na kuna wewe wa ile akaunti ya pili ambayo mama hajui. Simu kuwa na laini mbili si shida. Shida ni mtu kuwa na laini mbili.

Na hapa niseme na wavulana, kwa sababu tumewaacha nje ya somo hili miaka mingi. Mtu akitafuta katika Biblia mfano mkubwa wa kijana aliyelinda mwili wake, atafika kwa Yusufu. Mvulana! Aliuzwa akiwa karibu miaka 17, mbali na nyumbani, hakuna mzazi wa kumwona, na bado alikimbia akaacha vazi mkononi mwa mke wa Potifa. Kwa hivyo ndugu yangu unayebeti pesa ya karo, unayetazama picha chafu usiku chini ya blanketi, unayeahidi ndoa kwa wasichana wawili wa kanisa moja, usikae hapo ukifikiri neno "usafi" ni la kina dada. Kipimo kikitumbukizwa kwako kitasoma wapi?

2. Urembo usio na uchakavu

Tuje kwa Petro. Katika 1 Petro 3:3 anataja vitu vitatu: kusuka nywele, kuvaa dhahabu na mavazi. Anasema urembo wetu usitoke huko. Kuna watu wamelichukua andiko hili wakafanya kusuka nywele kuwa dhambi. Lakini hebu soma pole pole. Kama Petro anakataza kusuka, basi na nguo pia amekataza, na hakuna anayetaka kuja ibadani hivyo! Hasemi usivae. Anasema usitegemee. Kwa hivyo dada, suka nywele zako kwa amani.

Kisha anataja urembo wa mtu wa ndani, na anatumia maneno mawili ambayo mimi kama mtu niliyesomea biashara siwezi kuyapita.

La kwanza ni kwamba urembo huo *hauharibiki*. Petro amelitumia neno hilo hilo mara nyingine mbili katika barua hii. Katika 1:4 anazungumzia urithi wetu mbinguni, na katika 1:23 mbegu ya Neno la Mungu iliyotuzaa. Na katika 1:18 anaitaja fedha na dhahabu kuwa vitu vya kuharibika. Katika hesabu za biashara kuna kitu kinaitwa uchakavu. Ukinunua matatu mpya, kila mwaka unapunguza thamani yake kwenye vitabu, hata kama bado inang'aa na muziki ni mzuri. Wahasibu hawaipunguzii ardhi thamani hivyo, kwa sababu ardhi haichakai. Petro anakuambia: uso wako ni matatu, moyo wako ni shamba. Swali ni moja tu. Umewekeza wapi?

La pili ni *thamani kubwa*. Neno hilo ndilo Marko alilotumia kwa yale marhamu ya nardo ambayo mwanamke mmoja alimmiminia Yesu kichwani (Marko 14:3). Waliokuwepo walisema yangeuzwa kwa zaidi ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Hiyo ni karibu kazi ya mwaka mzima! Kwa hivyo Mungu akiutazama moyo mpole haoni zawadi ya kumfuta machozi mtu aliyenyimwa sura. Anaona kitu ghali kabisa.

Na upole wenyewe si kunyamaza wala kuonewa. Ni sifa ile ile ambayo Yesu alijitaja nayo katika Mathayo 11:29, kwa hivyo na wanaume wameingia. Urembo huu unaonekana. Unaonekana kwa yule anayebaki kuosha sufuria baada ya harusi wakati wengine wanapiga picha. Unaonekana kwa yule anayeongea na makanga kwa heshima. Unaonekana kwa yule aliyetumiwa pesa ya M-Pesa kimakosa akairudisha kabla hajapigiwa simu.

Kwa upande mwingine, urembo wa kutegemea macho ya watu una gharama. Kuna krimu za kujichubua zenye zebaki, na zebaki inaharibu figo. Kuna mkopo wa simu wa kununua viatu vya picha moja, halafu riba inakuja mwisho wa mwezi. Na kuna sponsa. Sponsa haanzi na dhambi. Anaanza na nywele. "Acha nikutumie kitu kidogo uende saluni." Anajua pale unapojiona hautoshi, anaingilia hapo hapo.

3. Kitambaa nilichokosea nacho

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Mwaka jana kwenye semina ya vijana nilichukua kitambaa cheupe, nikawaambia wakipitishe mstari kwa mstari, kila mtu ajipanguse mikono. Kiliporudi mbele kilikuwa cheusi. Nikakiinua juu nikauliza: "Ni nani hapa angependa kupewa hiki siku ya harusi yake?" Watu wakacheka. Na nilipouliza, nilikuwa nikiangalia upande wa wasichana tu.

Katikati yao alikuwepo dada mmoja ambaye akiwa chuoni alilipiwa nyumba na mwanamume mzee kwa mwaka mzima. Sikujua. Alikuwa ameshamwacha, hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ametubu peke yake chumbani, na alikuja semina kuanza upya. Siku hiyo alitoka akaacha kuimba, kisha akaacha kuja. Miezi mingi baadaye alimwambia mke wangu, "Nilijua kile kitambaa ni mimi." Akasema pia kwamba karibu arudi kwa yule mzee, maana kama mtu ameshachafuka, tofauti iko wapi?

Amenipa ruhusa niandike haya bila jina, na ameyasoma kabla yenu. Dada yangu, nimekuomba msamaha nyumbani kwangu, na sasa ninakuomba mbele ya kanisa. Ule mfano haukuwa Injili.

Kwa nini haukuwa Injili? Mtazame Daudi katika Zaburi 51. Amezini, amemuua mume wa mtu. Anaomba aoshwe, ndiyo, lakini hasimami hapo. Katika mstari wa 10 anaomba Mungu *aumbe* moyo safi ndani yake. Kwa Kiebrania, kitendo hicho ndicho kile cha Mwanzo 1:1, Mungu alipoumba mbingu na nchi. Daudi haombi kitambaa kipigwe sabuni. Anaomba uumbaji.

Kisha twende Korintho. Katika 1 Wakorintho 6:9-11 Paulo anawakumbusha washirika walivyokuwa zamani: waasherati, wezi, walevi. Halafu katika 2 Wakorintho 11:2 anawaambia watu wa kanisa hilo hilo kwamba amewaposea Kristo, naye anataka kuwaleta kwake kama bikira safi. Wakorintho! Katika hesabu zangu za kitambaa hiyo haiwezekani. Katika hesabu za Mungu imeandikwa.

Hapo ndipo mfano wangu wa maziwa pia unaisha. Maji yakishaingia kwenye maziwa, hakuna karani anayeweza kuyatoa. Mungu anaweza.

Sisemi kwamba dhambi haina gharama. Daudi alisamehewa, na bado nyumba yake iliona machozi. Msamaha hauondoi kila deni. Wengine wanalea watoto peke yao, wengine wanakunywa dawa kila siku. Kijana ambaye hujaingia huko, linda ulicho nacho, usijaribu neema. Lakini wewe uliyeanguka, usimkubali shetani akikuambia umeshachelewa. Na sisi viongozi tusimsaidie kulisema.

4. Wiki hii tufanye nini?

Kijana, chagua sehemu moja ambako una laini mbili. Moja tu. Iseme kwa Mungu, kisha umwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Kama kuna pesa unayotumiwa ambayo huwezi kumweleza mama ilikotoka, ikatae wiki hii, hata kama kodi ni ngumu. Njoo ofisini tusaidiane kwa hiyo kodi. Afadhali kanisa likose viti vipya kuliko tupoteze mtu.

Mzazi, hesabu ni mara ngapi unasifia sura ya binti yako au alama za kijana wako, na mara ngapi unasifia ukweli wao. Mtoto hukua akiangalia kile kinachosifiwa nyumbani.

Kanisa, dada au kaka akirudi baada ya kupotea, usimuulize alikuwa wapi. Mpe kiti.

Maswali ya kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kutojua na kutochanganywa? Toa mfano kutoka kazini au shuleni.
2. Kwa nini tunawauliza wasichana habari za usafi kuliko wavulana? Yusufu anatufundisha nini?
3. Taja mtu mmoja unayemjua mwenye urembo wa 1 Petro 3:4. Umewahi kumwambia?
4. Je, kuna "kitambaa" ambacho sisi kama kikundi tumemwonyesha mtu? Tutamrudishaje?

Tuombe

Baba, wewe unaona pale macho yetu yasipofika. Utupime, na unapoona maji, usituache hivyo. Uumbe upya. Walinde wadogo wetu, uwarudishe waliotoka, na utusamehe sisi tuliowafungia mlango. Katika jina la Yesu, Amina.