Homa Imeisha, Nguvu Bado Hazijarudi

Mtu ameugua mafua makali au UVIKO-19, homa imeshuka, lakini akibeba ndoo moja ya maji anatafuta pa kukaa. Nyumbani wanaanza kunong'ona kuwa amekuwa mvivu. Huo si uvivu. Kinga ya mwili iliyopambana na virusi huchelewa kutulia, na misuli iliyolala kitandani hudhoofu. Wengi hurudi katika hali yao ya kawaida baada ya wiki chache. Wengine huchukua miezi.

Ukanda wetu wa kusini magharibi uliwahi kuumia kwa udhaifu huu wa baada ya ugonjwa. Mwishoni mwa 1918, homa ya mafua iliyozunguka dunia ilifika kusini magharibi mwa Tanganyika wakati mvua za kupandia zikianza. Wengi walionusurika hawakuwa na nguvu za kushika jembe. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imeshamaliza akiba za chakula, na njaa ikafuata.

Leo, katika ukanda huohuo, mkulima wa Mbozi au Ileje akijisikia nafuu asubuhi moja, hulima hadi jua la utosini. Kesho yake au keshokutwa hawezi kuinuka. Kuli wa Tunduma anayelipwa kwa siku hurudi kwenye mizigo mapema zaidi, na hapo familia isimwache peke yake. Mgawane kazi zake. Apumzike kabla ya kuchoka, afanye kidogo, na aongeze tu ikiwa siku mbili zilizofuata zimepita salama. Akizidiwa, apunguze. Ale maharage, dagaa, mboga na uji, anywe maji ya kutosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu huficha uchovu tu, na antibaotiki za dukani haziui virusi. Dereva wa lori anayesinzia asishike usukani, hata foleni ya mpakani Tunduma ikianza kusogea.

Msiseme "ni mabaki ya mafua" kabla ya vipimo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho jingi usiku, homa za jioni au kukonda vinaweza kuwa dalili za kifua kikuu (TB), hasa kwa wachimbaji wa dhahabu. Kupima na kutibiwa TB katika vituo vya umma ni bure. Ombeni pia kipimo cha malaria, wingi wa damu, sukari na VVU.

Akibanwa na kifua, akihema kwa shida hata akiwa ameketi, akizimia au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kwa ushauri wa afya, pigeni 199 bila malipo.