Mama anasema hakunisomesha ili niwe golikipa

Shangazi, nina miaka 32, ni mhasibu wa saccos moja hapa Mbeya. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto wawili, wa pili ana miezi minane. Tangu nirudi kazini nakamua maziwa chooni na kuyamwaga, na jioni nikifika nyumbani mtoto anang'ang'ania kwa dada wa kazi, mimi hanitaki. Nimeomba sana na moyo umetulia: nataka kuacha kazi nilee wanangu. Mume wangu hana kinyongo. Lakini mama, aliyenisomesha kwa kuuza ndizi Mwanjelwa, amelia, anasema hakunisomesha ili niwe golikipa. Kanisani nako mama mmoja wa umoja wa wanawake ananiambia nimechelewa, kwamba Tito 2 inatuamuru kukaa nyumbani na wanaokwenda kazini wanamwasi Mungu. Nimsikilize nani?
Mama Wawili, Mbeya

Mwanangu,

Nimalizane kwanza na huyo mama wa umoja. Ni kweli Paulo alimwandikia Tito, aliyekuwa Krete, kwamba wanawake vijana wafundishwe kuwapenda waume na watoto wao na kuzishughulikia nyumba zao. Ila kabla hajafika hapo anawataka kina mama watu wazima wasiwe wasingiziaji. Akikurudia na Tito, mwombe aisome sura nzima. Paulo huyohuyo alikaribishwa Filipi nyumbani kwa Lidia, muuza nguo za zambarau, na hatusomi popote kwamba alimwambia afunge biashara. Alishona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ili wanawe wapate ada anaitunza nyumba yake, asitishwe na mtu.

Wewe nawe usione haya. Kutaka kukaa na wanao si uvivu wala si kupoteza shule. Hilo jina la golikipa kwa mke wa nyumbani walilitunga watu wasiojua kufua nepi za mtoto anayeharisha wakati wa mvua za Mbeya, wiki nzima hakikauki kitu. Hata Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini hoja ilisimama.

Sasa mama yako, maana hapo ndipo penye uzito. Huenda umemsoma kama mtu anayeogopa aibu. Mimi nasikia mtu anayeogopa njaa. Mwanamke aliyekaa sokoni miaka yote hiyo amewaona wenzake walioachwa na watoto wanne bila senti, na wajane walionyang'anywa hadi sufuria na ndugu wa mume. Shule yako ndiyo akiba pekee aliyoweza kukuwekea, na leo anakuona unaitoa mfukoni kuiweka mikononi mwa mtu mwingine. Usimpelekee aya. Nendeni wote wawili, mle naye, mumweleze mtaishije, na yeye atatumiwa nini kila mwezi. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unawataka watoto na wajukuu wawarudishie wazazi wao fadhila, kisha unamkemea vikali asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Huduma kwa mama yako haifi kwa sababu umeacha kazi.

Ndiyo maana hilo la "hana kinyongo" halinitoshi. Hivyo ndivyo asemavyo mtu aliyeulizwa kama uongeze chumvi. Mumeo anakwenda kubeba nyumba kwa mshahara mmoja wa ualimu, basi aseme kwa kinywa chake kwamba anautaka mzigo huo, na kwamba pesa itakayoingia ni yenu wote wawili. Usije ukafika mahali pa kuomba hela ya pedi na kuulizwa ya mwezi uliopita umeifanyia nini. Kama kuna kiwanja, hati iwe na majina mawili. NSSF inapokea pia michango ya waliojiajiri, ulizeni. Mume Mkristo anayeona maswali haya ni kukosa imani, huyo bado hajawa tayari kuwa na mke wa nyumbani.

Kuhusu moyo kutulia, sibishani na maombi yako. Ila mama wa mtoto wa miezi minane, asiyelala, moyo wake hutulia upesi kwa chochote kinachonukia usingizi. Je, kazini umeshadai haki yako? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hukupaswa kukamulia chooni. Zidai, kisha uulizie likizo bila malipo.

Barua ya kuacha kazi isubiri. Miezi miwili ijayo ishini kwa mshahara wa mwalimu peke yake, wako uende benki usiguswe, na mama atumiwe chake kama kawaida. Mkiona unga unatosha hadi mwisho wa mwezi na hamjagombana, andika. Na huyo dada wa kazi unayemwonea wivu, aliyempenda mwanao hadi mtoto akamng'ang'ania, uamuzi wako unamwachisha kazi na yeye. Mwambie mapema, mlipeni stahili zake zote, na muulizie kwa majirani nani anatafuta msichana mwaminifu.