Una kikohozi? Jifunike kabla ya kuketi kwenye foleni ya daktari

Baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia, zahanati na hospitali za Kitengela na Kajiado hujaa watu wenye mafua na kikohozi. Madirisha hufungwa kwa sababu ya upepo, na wagonjwa hubanana kwenye benchi wakingoja kuitwa. Benchi hilo moja huwa na kijana mwenye homa, mama aliyeleta mtoto wa wiki sita kuchanjwa, na mzee aliyekuja kuchukua dawa zake za kisukari. Mtoto na mzee hawakuja na kikohozi, lakini wanaweza kurudi nyumbani nacho, na kwao kikageuka kuwa nimonia.

Amri ya kuvaa barakoa hadharani, iliyotolewa Aprili 2020 wakati wa Korona, iliondolewa Machi 2022. Wengi wetu tulizitupa kabisa, hata tunapokwenda hospitalini. Hapo ndipo tulipopotoka.

Ugonjwa husafiri vipi?

Mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, hutoa matone ya mate. Matone makubwa huanguka karibu naye. Yale madogo sana huelea hewani, hasa katika chumba kilichofungwa. Homa ya mafua na Korona huenea hivyo. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa, ingawa husababishwa na bakteria wala si virusi.

Barakoa huyanasa matone mengi yakiwa bado mdomoni pa mgonjwa. Katika utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2012, hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilipelekwa kwa makundi mawili ya simbilisi, wanyama wadogo wa maabara, 90 kila kundi. Kundi lililopata hewa ya siku ambazo wagonjwa hawakuvaa barakoa, 69 waliambukizwa. Kundi la siku ambazo wagonjwa walivaa, 36. Barakoa hizo zilikuwa zile za kawaida za hospitali. Ona basi kwamba zilisaidia sana, lakini hazikuzuia yote. Ndiyo maana madirisha nayo yafunguliwe hata kukiwa na baridi.

Ufanye nini?

1. Ukifika, mwambie mhudumu wa kwanza kwamba unakohoa, uombe barakoa na mahali pa kukaa mbali na wengine.

2. Upande wenye rangi uwe nje. Bana waya juu ya pua, kisha vuta sehemu ya chini ifunike kidevu.

3. Usiishushe unapotaka kukohoa au kuzungumza na daktari. Ikilowa, badilisha.

4. Ukimaliza, ishike kwa kamba, itupe kwenye pipa lenye kifuniko, unawe mikono kwa sabuni. Ya kitambaa ifuliwe kila siku.

5. Usimvike mtoto wa chini ya miaka miwili wala mtu anayepumua kwa shida. Mtoto kama huyo kaa naye karibu na dirisha au nje kivulini. Anayepumua kwa shida asipange foleni. Mpeleke moja kwa moja kwa muuguzi.

Kama huna barakoa, kohoa ndani ya leso au kwenye kiwiko cha mkono, si kiganjani. Nawe usiye na kikohozi, ukiwa mjamzito, mzee au mgonjwa wa muda mrefu, vaa yako pia.

Wapo wanaouliza kama barakoa humnyima mtu hewa. La. Hewa hupita kwa urahisi. Kinachonaswa ni matone. Wengine huona haya muuguzi anapowapa barakoa, wakidhani wametangazwa mbele ya watu kuwa na kifua kikuu. Sivyo. Muuguzi hajakupima bado. Anamlinda aliyeketi kando yako, kama ambavyo ungependa mwanao alindwe.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, usiendelee kununua dawa dukani. Nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na anayezimeza hadi mwisho hupona.