Mtindo na Mitindo: Uhariri wa Albamu ya Mpiga Picha wa Gongoni

Utangulizi

Neno "mtindo" katika Kiswahili hubeba maana mbili. Mwanafunzi wa elimumitindo hulitumia kwa namna mwandishi anavyoteua na kupanga lugha. Fundi cherehani hulitumia kwa mshono na fasheni. Makala hii inachunguza kazi moja ambamo maana hizo hugongana: kuhariri albamu ya kazi ya mpiga picha za mitindo, yaani kuteua picha chache atakazompelekea mhariri wa jarida au mwenye duka la nguo ili apewe kazi. Inadaiwa humu kwamba kuhariri albamu hiyo ni kuutenga mtindo wa mpiga picha na mitindo ya wavaaji wake. Mfano umewekwa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, katika barabara ya kuelekea Garsen. Mpiga picha anayezungumziwa ni wa kubuni. Mazingira yake si ya kubuni.

Mtindo wa nani?

Mpiga picha wa mji mdogo hachagui kazi. Hupiga picha za vitambulisho, harusi, mahafali na mikutano ya siasa, na mara mojamoja humpata binti aliyevaa leso mpya akamsimamisha mbele ya chumvi. Gongoni ni nchi ya chumvi. Mabwawa ya kukaushia maji ya bahari yameenea pwani hiyo hadi Marereni, na marundo yake meupe huurudisha mwanga wa jua usoni pa mtu, hata kivuli cha mtandio kikapungua makali. Wapiga picha wa studio hununua vibao vyeupe ili kuipata athari hiyo.

Akiketi kuteua picha 20 kati ya maelfu, kishawishi chake cha kwanza ni kuchukua zenye nguo nzuri: hando la Kigiriama lenye mikunjo yake, kisutu, doti ya leso iliyofungwa kwa ustadi. Kosa huanzia hapo. Hando ni sanaa ya aliyelishona, na kisutu ni sanaa ya aliyekichora. Mtazamaji ataisifu nguo, ataifunga albamu, na hatamkumbuka aliyepiga. Ni sawa na mhakiki anayezisifu methali zilizomo katika riwaya akidhani amemsifu mwandishi.

Lipo jaribio rahisi. Picha zichapishwe ndogo, zitandazwe mkekani, kisha zigeuzwe juu chini. Nguo haisomeki tena kwa wepesi. Macho huanza kuona mwanga, nafasi na umbali. Kinachojirudia hapo ndicho mtindo wake. Huenda ikabainika kwamba siku zote husimama mbali kuliko desturi, mtu akawa mdogo na weupe ukawa mwingi, au kwamba watu wake hawamtazami yeye bali mkono unaofunga fundo. Wanafunzi wa fasihi wanazifahamu dhana hizi: urudiaji na ukiushi.

Mkono wa mteuzi

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakujiandalia diwani. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Muyaka anayefundishwa darasani ni Muyaka aliyepita mikononi mwa watu hao. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipatwa na jambo la namna hiyo. Picha zake zilionyeshwa New York mwaka 1991 bila jina lake. André Magnin aliposafiri hadi Bamako kumtafuta aliyezipiga, alielekezwa kwa Keïta. Mtindo ulikuwa umetosha kuwa sahihi. Hata hivyo, picha ambazo wateja wake walizichukua zikiwa ndogo za kushikwa mkononi zilikuzwa sana katika maonyesho ya Ulaya na Marekani, na hilo nalo lilikuwa uamuzi wa wateuzi.

Kwa hiyo ni heri mpiga picha ateue mwenyewe angali hai, akisaidiwa na mtu asiyejua visa vya nyuma ya picha. Mwenye picha hukumbuka tope alilovuka ili kuipata. Tope hilo halimo ndani ya picha.

Zisizoweza kuingia

Ugumu mkubwa zaidi si wa kisanaa. Mpiga picha huyu akiwa mwanamke, ataitwa kwenye kupamba, sherehe ya wanawake watupu, ambako mabuibui huvuliwa na mavazi bora kabisa ya mwambao huonekana. Yamkini picha zake bora zitatoka humo. Lakini waliomo walikubali kupigwa na mwanamke mwenzao kwa ajili ya albamu ya familia, si kwa ajili ya macho ya mhariri wa Nairobi. Bibi harusi aweza kutoa idhini. Nani atawauliza kumi na watano walioketi nyuma yake? Kuziba nyuso zao ni kuiharibu picha na bado kuwatangaza.

Picha hizo zitolewe, hata kama albamu itashuka kutoka 20 hadi 13. Kinachoweza kuhamishwa ni jicho lililofunzwa mle: ukaribu wa bega, kisogo kilichosukwa, mkono wenye hina ukirekebisha pindo. Hayo aweza kuyarudia mbele ya chumvi, pamoja na binti aliyeelezwa wazi picha zitakapopelekwa, akakubali.